Upande wa Pili wa Shuka

Kitendawili!

Nasubiri. Semeni "tega", hata kama uko peke yako jikoni na mikono imejaa sabuni. Hakuna anayekuangalia.

Haya. Tuko watatu. Wawili tunaanza tukiwa mbalimbali. Tunasogeleana mpaka mikono inagusana. Tunaachana, tunasogeleana tena. Kila tukigusana, yule wa tatu anapungua. Mwisho wa yote, wa tatu anaingia kwapani. Ni nini hicho?

Msikimbilie kunipa mji. Kaeni nacho kwanza. Mimi mwenyewe kilinishinda, na mnajua ninavyojisifu kwa vitendawili. Jibu litakuja, na atakayelileta ni mwenye kitendawili chake.

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Ni mimi bibi yenu, na hiki ni kipindi chetu cha kuwakumbuka waliotutoka. Leo mtanivumilia sauti. Imechoka. Sina mafua, sina homa. Nimechoka tu, ule uchovu wa kukaa na watu waliochoka. Nimetoka kwenye nyumba ambayo kila aliyemo ameegemea kitu. Mmoja ukuta, mwingine meza, mwingine bega la mwenzake. Nami nikashtukia nimeegemea friji.

Leo tunamkumbuka bibi aliyeitwa na wengi Bibi Nyoosha. Narudia: Bibi Nyoosha. Jina la kwenye kitambulisho lipo, lakini ukilitaja pale nyumbani, wajukuu wanaulizana ni nani huyo. Bibi Nyoosha alikuwa dobi. Dobi wa hospitali. Alifua na kukunja mashuka ya wagonjwa mpaka akastaafu. Ameacha watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, dereva wa lori. Mdogo ni wa kike, kitinda mimba wake, na yeye ni msusi. Ameacha na wajukuu. Amezikwa juzijuzi tu.

Nyumba yao iko juu ghorofani. Ngazi zake ni za kupanda huku unaomba. Sebuleni nilikuta viti vya kuazima vimejipanga ukutani, vile vya plastiki, vya siku za msiba. Wenye viti wameshavidai, lakini hakuna mwenye nguvu za kuviteremsha. Kila mtu anavitazama, kisha anakaa juu yake. Fundi mitambo wetu akaweka kinasa sauti mezani, katikati ya vikombe, akaniashiria nianze.

Nikaanza na mkubwa, dereva wa lori. Mtu mwenye mwili wake, na macho mekundu ya barabarani.

"Bibi wa Redio," akaniambia, "mama yetu alikuwa kamanda. Alikosa kikosi tu, akatupata sisi. Nyoosha mgongo! Nyoosha kitanda! Ukimdanganya anakwambia, hebu nyoosha hiyo habari yako, naona ina mikunjo."

"Ndiyo likatoka jina?"

"Jina lilikuja naye kutoka kazini. Sisi tulilikuta. Sasa ngoja nikwambie ya lori. Siku ya kwanza nakuja na lori hapa chini, akateremka, akalizunguka lote. Akagonga tairi kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti. Akaniuliza, 'Na hili lote wamekuamini nalo wewe?'"

Wakacheka. Dereva akaendelea.

"Tangu siku hiyo nikiegesha lazima atoke. Anasema nimepinda. Anasimama nyuma na ndala zake, mikono juu kama askari wa barabarani. Nyoosha, nyoosha, rudi, nyoosha. Siku moja, pwaa! Nimepasua pipa la maji la jirani. Kuangalia kwenye kioo, mama hayupo. Kashapanda juu, kafunga mlango. Jirani anauliza, nani alikuwa anakuelekeza? Nachungulia juu, namwona mama dirishani, anamwambia jirani, 'Pole sana, vijana wa siku hizi hawasikii.'"

Wasikilizaji, nilicheka mpaka fundi mitambo akasogeza mashine.

Akadakia mjukuu, mtoto wa huyo dereva. Kijana, fundi wa pikipiki, kucha zake zina grisi isiyotoka hata kwenye msiba. "Mimi nilikuwa mume wake," akasema. "Mume halali kabisa. Nikija mikono mitupu ananiambia, 'Talaka yako iko tayari, inasubiri wino tu.' Nikaja na mchumba, huyu ambaye sasa ni mke wangu. Bibi akamkagua juu mpaka chini. Akamwambia, 'Wewe ndiye mke mdogo? Karibu sana. Mke mkubwa amechoka, vyombo viko kule.'"

"Akaviosha?" nikauliza.

"Akaviosha! Na bibi amekaa pembeni anampangia. Nyoosha hicho kijiko."

Kicheko tena. Lakini ni kicheko cha watu waliochoka, wasikilizaji, kile kinachoishia njiani. Kila mmoja akacheka kidogo, akajifuta macho, akaegemea pale alipokuwa ameegemea.

Karibu na mlango wa jikoni, juu ya kigoda, alikaa kitinda mimba. Yule msusi. Hakucheka. Alikuwa akitazama vikombe, kama mtu anayehesabu vingapi vimebakia vya kuosha. Nikamgeukia. Nikamuuliza, kama ninavyouliza kila nyumba:

"Na wewe, mwanangu? Mama yako unamkumbuka kwa lipi?"

Nikangoja. Kwenye redio kimya ni kirefu kuliko kimya cha kawaida, nanyi mnajua. Akanyanyuka.

"Chai imepoa," akasema. Akakusanya vikombe, hata cha kwangu ambacho sijakimaliza, akaingia jikoni.

"Mwache, amechoka," akasema kaka yake. Kisha, maana ndugu ni ndugu, akapaza sauti kidogo: "Mama alisema huyu alizaliwa amekunja uso, akamnyoosha akashindwa!"

"Nimesikia!" ikajibu sauti ya jikoni.

"Si ndiyo nilitaka usikie!"

Kikombe kikatuliwa kwa kishindo. Hakuna aliyecheka.

Kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi, tunamkumbuka Bibi Nyoosha, dobi wa hospitali, mama wa watoto wawili. Na kuna swali limebaki hewani. Nimemuuliza binti yake wa mwisho anamkumbuka kwa lipi mama yake. Hajanijibu.

Niwaeleze kidogo, muelewe. Bibi Nyoosha miaka yake ya mwisho aliugua ule ugonjwa wa kusahau. Ulianza kwa hila. Chumvi kwenye chai. Funguo ndani ya sufuria ya wali. Kisha akaanza kuwasahau watu. Kaka mtu yuko safarini, leo mpakani, kesho bandarini. Akirudi analeta dawa, analeta matunda, anakaa jioni moja, anaondoka. Mjukuu anakuja Jumapili. Aliyefunga saluni yake na kurudi kulala chumba kimoja na mama ni yule msusi. Yeye ndiye aliyemwogesha. Yeye ndiye aliyemlisha. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka naye usiku kumwambia hapana mama, huendi kazini, ulishastaafu. Hata mazishi yakapita hajapata kulala usingizi wa kushiba.

Basi nikamfuata jikoni. Nina tabia moja, siwezi kuona mtu anaosha vyombo peke yake nikakaa. Nikachukua kitambaa nikawa nafuta. Kinasa sauti nilikiacha sebuleni. Haya nitakayowaambia hayakurekodiwa. Yeye mwenyewe ameniruhusu niyaseme.

Tulifuta kikombe cha kwanza, cha pili. Akasema bila kunitazama:

"Huyo mama wanayemcheka huko sebuleni, mimi simjui."

Nikaweka kikombe kando.

"Kweli, Bibi wa Redio. Nakaa pale nasikiliza utani wake kama nasikiliza habari za mama wa watu. Najua yalitokea. Pipa la maji nilikuwepo. Lakini nikimtafuta simpati. Nikifunga macho namwona anakataa kuoga. Namwona kaficha meno yake ndani ya kiatu changu. Namwona kasimama mlangoni, ananiuliza, 'Wewe binti, kwenu hawakutafuti?' Huyo ndiye niliyebaki naye. Wao wamepata mama mzima. Mimi niliyekaa naye, nimebakiziwa mgonjwa."

"Ni siku chache tu, mwanangu. Utapumzika, yule wa zamani atarudi."

"Na asiporudi?"

Wasikilizaji, mimi nimezika wengi, na kipindi hiki nimekiendesha muda mrefu. Lakini hapo nilifuta kikombe ambacho kilishakauka.

"Hakuna hata jambo moja?" nikamuuliza. "Dogo tu. La nyinyi wawili."

Akacheka kicheko kibaya. "La sisi wawili? Labda ugomvi wa mashuka."

Akanisimulia. Mashuka yao huanikwa pale kibarazani, kwenye kamba. Kila akianua, mama yake anakuja mbio, mtu ambaye kutoka kitandani mpaka chooni ni vita. Anadaka ncha mbili. Anamwambia, shika upande wako.

"Sawa, nashika. Tunarudi nyuma, yeye kule, mimi huku. Anasema, 'Nyoosha.' Nanyoosha. Halafu ghafla ananivuta! Kwa nguvu, hata sijui alizitoa wapi. Nayumba, nusura nianguke. Anasimama ananitazama. Kama anasubiri kitu. Namwambia, mama, acha bwana. Anavuta tena. Mimi nimeamka kabla ya jogoo, kiuno kinaniuma, chakula kiko motoni, yeye ananivuta tu. Nilimwuliza, mama, nimekukosea nini? Akavuta tena."

"Ukafanya nini?"

"Naachia. Nikimwachia anabaki na shuka mkononi, analitazama. Mimi nalichukua, nalikunja mwenyewe, nabana kwa kidevu, kama alivyokuwa akifanya yeye tulipokuwa wadogo. Mwisho nikaona taabu ya nini. Nikawa nayaanua akilala mchana. Nakunja bafuni, nimefunga mlango."

"Na yeye?"

Alifunga bomba la maji kabla ya kunijibu.

"Akiamka anakaa kibarazani, anatazama kamba tupu."

Hapo ndipo tuliposikia fimbo kwenye ngazi.

Tuliisikia kabla ya kumwona mwenyewe. Ko, ko. Kimya kirefu cha kupumua. Ko. Na sauti ya mwanamke mzee inalalamika tangu ghorofa ya chini: "Hizi ngazi nani alizijenga? Alikuwa na kisasi na wazee?" Dereva wa lori akatoka mbio, akamshika mkono, akamwingiza.

Huyu, wasikilizaji, anaitwa Dada Pasi. Ameitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na nguo yenye mkunjo. Hata siku hiyo, na ngazi zote zile, gauni lake lilikuwa limesimama wima kuliko yeye. Dada Pasi alikuwa dobi mwenzake marehemu. Meza moja, zamu moja, miaka yote. Watoto wanamfahamu tangu wadogo, walikuwa wakimwamkia na kuambiwa waende wakacheze. Lakini mambo ya kazini hawakuyajua. Mama yao akirudi nyumbani alikuwa hataki kusikia neno shuka.

"Mazishi sikuja," akasema akijiweka kwenye kiti cha plastiki. "Miguu iligoma. Leo nimeikaripia." Akavuta pumzi. "Poleni, wanangu. Poleni sana. Mmechoka, nawaona."

Kisha akaniona mimi nimetoka jikoni na kitambaa cha vyombo begani.

"Ala! Wewe ndiye wa vitendawili? Redio yako inaniharibia usingizi wangu wa mchana. Leo umepatikana. Kitendawili!"

"Tega!" tukaitikia wote, hata fundi mitambo.

Akatega. Ni kile kile nilichowategea mwanzo. Watatu, wawili mbali, wanasogeleana, wanagusana mikono, wa tatu anapungua, mwisho anaingia kwapani.

"Ndoa!" akasema mjukuu.

"Ndoa gani, wewe mume wa wanawake wawili. Nani anapungua kwenye ndoa yako?"

"Mimi mwenyewe, bibi. Tazama mashavu."

Mimi nikasema mkasi. Ncha mbili zinakutana, kitambaa kinapungua. Nikajiona nimepata.

"Mkasi unaingia kwapani?" akaniuliza. "Nipe mji!"

Nikampa mji, nikampa na vitongoji vyake. Akafurahi, akapiga fimbo chini.

"Ni watu wawili wanaokunja shuka," akasema. "Na wale wawili ni mimi na mama yenu."

Hilo ndilo jibu, wasikilizaji. Watu wawili wanaokunja shuka. Uliyepata, jipongeze. Kila mkisogea mkakutanisha ncha, shuka linakuwa nusu. Mnakutanisha tena, nusu ya nusu. Mwisho mmoja analibana kwapani anapeleka kabatini, mwenzake ameshashika ncha za lingine.

Dada Pasi akatusimulia chumba chao cha kufulia. Mvuke tangu asubuhi mpaka unatoka kazini. Mashine zinanguruma, mwenzako akiongea unaona midomo tu. Mashuka yanatoka yamejisokota kama utumbo, ya moto, mazito. Hayawezi kwenda kwenye pasi hivyo. Wawili wanashika, wanarudi nyuma, mmoja anasema nyoosha, wanavuta kwa pamoja mpaka kitambaa kinalia. Aliyekuwa akisema nyoosha kwa sauti ya kushinda mashine ni marehemu. Ndiyo likatoka jina.

"Na kulikuwa na msimamizi," akasema, "mtu ambaye akiona meno yako anadhani humo mdomoni kuna kosa. Hakuna kuongea. Hakuna kucheka. Sasa jamani, mchana umeshakula, umesimama tangu alfajiri, joto hilo. Unalala. Unalala umesimama, macho wazi, shuka mkononi. Basi mama yenu ananivuta. Pwa! Nayumba, naamka."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni. Nyuma yangu maji yaliyokuwa yakimwagika yakakoma.

"Anavuta vipi, bibi?" akauliza mjukuu.

"Ghafla. Hupati taarifa. Tumeshanyoosha vizuri, wewe unadhani sasa tunakunja, ndipo anakuvuta. Halafu anakutazama na uso mkavu kama hakimu. Anasubiri."

"Anasubiri nini?"

Aliyeuliza hivyo si mjukuu. Alikuwa ni msusi. Alikuwa amefika mlangoni, mikono inadondosha maji kwenye zulia.

"Umjibu," akasema Dada Pasi. "Nawe umvute. Yeye ayumbe. Ndiyo porojo yetu ilikuwa hiyo. Mdomo umekatazwa, basi tukawa tunacheka kwa shuka. Akinivuta anasema, umelala wewe. Au, msimamizi huyo anakuja. Au, jana nimekuona na yule dereva wa gari la wagonjwa, usifikiri sijui. Mara nyingi hasemi chochote. Anasema tu, mimi nipo, na wewe upo?"

"Alikuwa akimvuta kila mtu?"

"Thubutu! Unamvuta mtu wako. Mgeni akikushikia shuka mnanyoosha, mnakunja, asante. Hata msimamizi alitushikia siku moja watu walipopungua. Umvute? Unavuta mtu wako tu."

Msusi akajifuta mikono kwenye gauni. Alijifuta muda mrefu. Kaka yake akamtazama, akafungua mdomo aseme neno la utani, akaufunga.

"Na mwenzako asipojibu?"

"Atakuvuta tena. Anajua umesinzia."

"Na akiachia? Akimwachia shuka kabisa?"

Dada Pasi alikuwa mzee, hakuwa mjinga. Alimtazama yule binti, mikono yake, macho yake yaliyozama. Akaishusha sauti.

"Nilimwachia mara nyingi, mwanangu. Kuna siku huna hata nguvu ya kuyumba. Ukiachia umesema nimechoka, basi. Hakuna aliyekasirika. Analiokota, kesho anakuvuta tena. Tulikuwa tunavutana kwa sababu ya huko kuchoka."

"Alikuwa ananivuta," akasema msusi.

"Nani?"

"Mama. Hapa kibarazani. Nilidhani ni ugonjwa. Nilidhani ananigombeza." Kisha akasema haraka, kama anayeogopa kupokea kitu kisicho chake: "Lakini jina langu alikuwa halijui. Aliniuliza kwetu ni wapi. Labda alidhani mimi ni wewe."

"Huenda," akasema Dada Pasi. "Siwezi kukudanganya, sijui kichwani mwake kulikuwa na nani. Majina yalishamtoka. Ila nakwambia hivi. Mikono yake ilijua kuwa upande wa pili wa lile shuka kuna mtu wake. La sivyo asingevuta. Angenyoosha, angekunja, asante."

Chini barabarani kulikuwa na mtu anajaribu kuwasha pikipiki na haiwaki. Mjukuu, ambaye sauti kama hiyo humwinua hata usingizini, hakugeuza hata shingo.

Dada Pasi akaegemea fimbo, akasimama.

"Lete shuka," akasema.

Msusi akaingia chumbani. Akatoka na shuka moja jeupe, limekunjwa vizuri, limelazwa juu ya mikono kama mtoto mchanga. Lilikuwa la kitanda cha mama yake. Alilikunja mwenyewe, bafuni, mlango umefungwa. Akalikung'uta, likafunguka lote. Sebule ikawa ndogo. Viti vya plastiki vinazuia. Ndipo dereva wa lori na mwanawe wakainuka, bila kuambiana, wakavichomeka kimoja juu ya kingine, wakaviteremsha chini vyote. Vile viti ambavyo hakuna aliyekuwa na nguvu navyo. Wakarudi wanahema.

Dada Pasi akasimama kule dirishani, fimbo ameiegemeza mezani. Msusi akasimama huku mlangoni. Kila mmoja na ncha zake mbili.

Wasikilizaji wapendwa, kinasa sauti kilikuwa kinawaka. Yaliyofuata nitawaachia myasikie wenyewe, ndiyo maana nayasema yangu sasa, nisije nikaongea baada yao.

Kwa familia ya Bibi Nyoosha: poleni. Pole dereva wetu, barabara ikuwekee heri, na uegeshe bila kupinda. Pole mjukuu, mjane wa kiume. Pole Dada Pasi, uliyebaki na ncha mbili. Na wewe msusi, pole mara mbili, ya msiba na ya kazi. Lala. Vyombo vitaoshwa na wengine.

Na sisi tunaosikiliza, tutafakari kidogo. Huenda ndani ya nyumba yako yuko anayeuguza. Hapigi kelele, anakusanya vikombe. Usimwulize tu mgonjwa anaendeleaje. Nenda ukashike upande wa pili wa shuka. Na kama anayeuguza ni wewe, na umechoka, na leo umeachia, basi umeachia. Umemsikia Dada Pasi. Hakuna aliyekasirika.

Fundi, tuwekee.

Hiyo sauti ya kwanza ni Dada Pasi. "Nyoosha!" Sikilizeni kitambaa kinavyolia.

Sasa, pwa! Hapo amemvuta. Mnasikia kimya? Binti ameyumba hatua moja, amesimama. Hajajibu. Dada Pasi anamtazama na uso mkavu kama hakimu.

Pwa! Amevuta tena. Bado kimya. Huyo anayekohoa ni kaka yake, na hakuwa na kikohozi.

Na hii. Sikilizeni hii. Pwaa! Hiyo siyo ya Dada Pasi. Huyo anayelia "Mama wee!" ndiye Dada Pasi, fimbo imeanguka, ndiyo hicho kishindo. "We dada, utamuua bibi wa watu!" Huyo ni dereva. Na huyo anayecheka, anayecheka mpaka anakosa pumzi, anacheka na kulia papo hapo na hataki kuachia shuka, huyo ni kitinda mimba wa Bibi Nyoosha.

Sogeza kidogo, fundi. Hapo. Hiyo sauti yake.

"Bibi wa Redio, uliniuliza."

"Ndiyo, mwanangu. Mama yako unamkumbuka kwa lipi?"

"Kwa utani. Mama yangu alikuwa na utani sana."